Mchanga Katika Unga wa Sadiya

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Zam alimsaidia mama yake kuanika mihogo kando ya barabara ya lami inayopita Pajulu, nje kidogo ya mji wa Arua. Majirani wote walianika hapo. Lami hushika joto, na muhogo uliolowekwa hukauka upesi juu yake kuliko uani. Malori yalipita yakaacha vumbi, mbuzi walipita wakaacha yao, na jioni mihogo ilizolewa kwa ufagio ikapelekwa kwenye mashine ya kusaga.

Mama yake, Sadiya, aliuza unga huo sokoni. Zamani wanunuzi walimsubiri yeye. Siku hizi alirudi na unga mwingi kuliko aliouza. Aliyebaki ni Santa, mfanyabiashara wa Sudan Kusini, aliyechukua magunia na kuyapitisha mpakani Koboko hadi kwao.

"Santa akiacha, sisi tumekwisha," mama alisema bila kuficha. "Tunafunga kibanda, tunarudi Kuluba kwa bibi yako, tunalima. Na shule iko kwisha, mtoto yangu. Karo hakuna."

Zam alikuwa darasa la saba, na mtihani wa mwisho ulikuwa unakaribia. Kuluba aliipenda wakati wa likizo tu.

Wiki hiyo Mwalimu Afedra aliifundisha klabu ya biashara ya shuleni kwa Zam jambo jipya. Alichora mraba mkubwa ubaoni, akaugawa vyumba vinne: Nguvu, Udhaifu, Fursa na Hatari.

"Viwili vya kwanza vimo ndani ya biashara yako, na unaweza kuvibadilisha wewe mwenyewe," alisema. "Viwili vya mwisho viko nje. Fursa unaikimbilia, hatari unajikinga nayo. Jaza vyote kwa ukweli, ndipo upange la kufanya. Ukidanganya chumba kimoja, mpango wote ni bure."

Zam alirudi nyumbani mbio kama aliyebeba dawa ya mgonjwa. Alichora vyumba vile uani kwa kijiti, akamwita mama. Katika Nguvu waliandika kwamba Sadiya hachoki na unga wake ni mweupe. Katika Fursa waliandika shule za bweni zinazohitaji unga. Katika Hatari waliandika mvua, na mpaka unaofungwa ghafla.

"Na hapa?" mama aliuliza, akionyesha Udhaifu.

Zam alijua cha kuandika. Jana yake tu alikuwa akila enyasa, ule ugali wa muhogo, mchanga ukalia menoni: kra! Akaumeza, akashukuru. Nyumbani kwao mtoto hakitoi kasoro chakula cha mama yake. Hiyo ni adabu, na Zam alikuwa na adabu nyingi, pengine kupita kiasi.

"Hapa hakuna kitu, mama."

Sadiya alikitazama kile chumba kitupu. "Kweli," alisema polepole. "Hakuna."

Basi wakapanga. Kama biashara haina kasoro, kilichobaki ni kuikuza. Mama alitoa akiba yote, hata ya karo, akanunua mihogo mingi, wakaianika lamini mpaka mbele ya nyumba za jirani. Masikini! Walikuwa wanaukuza mchanga.

Santa alipofika, alifungua gunia la kwanza, akatia unga kidogo mdomoni, akautema.

"Sadiya, dada yangu, unga yako iko na mchanga. Watu yangu wanatafuna mawe. Mara ya kwanza nilinyamaza, mara ya pili nilinyamaza. Leo mimi nimeshindwa."

"Nipunguze bei?"

"Mchanga haina bei, dada." Akaenda zake bila gunia hata moja.

Zam akaangua kilio. "Mama, mimi nilijua! Nilisikia mchanga kwa meno kila siku. Niliogopa kukukosea adabu."

Alingoja kofi. Mama aliketi juu ya gunia.

"Na mimi nakula nini, Zam? Si ile ile wewe unakula? Na mimi nilijua. Nilingoja mutu mwingine aseme."

Kibanda kikafungwa. Zam alipokwenda kumuaga mwalimu wake, Mwalimu Afedra alihuzunika sana.

"Mficha maradhi, kilio humfichua," alisema. "Adabu inakufundisha namna ya kusema ukweli, Zam. Haikuambii uufiche. Dawa ya mchanga ule ilikuwa turubai tu."

Huko Kuluba mama alianika mihogo juu ya turubai, kwenye kichanja cha miti. Ilikauka polepole, na unga ulikuwa kidogo. Santa hakurudi, alikwishapata mwuzaji mwingine. Siku wenzake walipofanya mtihani, Zam alikuwa shambani akimenya mihogo, na machozi yalimtoka.

Unga wa kwanza ulipopikwa, Sadiya aliweka sahani mbele ya binti yake. "Kula, halafu sema."

Zam alitafuna, akamtazama bibi, akamtazama mama. "Mchanga hakuna, mama. Lakini iko chachu sana. Tumeloweka kupita siku yake."

"Mtoto gani huyu!" bibi alifoka.

"Mwache aseme, mama," Sadiya alijibu. "Sisi tumenyamaziana mpaka tukapoteza kila kitu. Biashara ambayo hakuna mutu wa kukuambia kosa, hiyo imekufa tayari."

Akaonja mwenyewe. "Kweli, iko chachu," alisema, akainuka kwenda kuitoa majini mihogo iliyobaki.