Benchi la Wachambuzi

Asubuhi ya safari mama aliamka kabla ya jogoo. Kikundi cha wazee wastaafu kilikuwa kimekodi basi kwenda kuutembelea mji mkongwe wa mlimani, wenye ngazi za mawe na mibuni hadi nyuma ya nyumba. Binti yake, mshonaji, alifunga cherehani siku hiyo amsindikize, maana goti la mama lilikuwa na maneno mengi kuliko mwenyewe.

"Nikichoka utanibeba," mama alisema.

"Nikubebe kwa mgongo wa nani? Labda nikukunje kama kitambaa."

Walipanda taratibu, wakipumzika kila kona. Saa tano wakaingia katika ghala la zamani la kahawa, ambalo sasa ni la maonyesho. Katikati palikuwa na meza ndefu iliyomwagiwa buni, na benchi lililobonyea kwa kukaliwa. Mwongozaji aliwaalika wazee wajaribu kuchambua: punje nzima kulia, mbovu kushoto.

Mama hakuhitaji kufundishwa. Usichana wake uliishia kwenye meza kama ile. Zamani, alimweleza binti yake, mchambuzi hakuinuka mpaka mwenzake wa zamu aje amwambie "nimekupokea". Asipopokewa, anabaki. Ndiyo ilikuwa adabu ya kazi. Basi mama akashika meza, akajishusha kwenye nafasi ya dirishani, na kwa mazoea akamwambia asiyekuwepo:

"Nimekupokea."

Wazee wenzake wakacheka. Benchi likalia, kama mtu mzito ameinuka.

Baadaye kikundi kikatoka kwenda kula. Mama hakutoka.

"Mama, twende."

"Siwezi."

"Goti?"

"Mikono."

Vidole vilikuwa vinakimbia. Kulia, kushoto, kulia. Binti akavishika. Vilikuwa vya baridi, na vilikuwa na nguvu ambazo mama hakuwa nazo kwa miaka. Vikamponyoka, vikarudi kazini.

Akainama sikioni mwake. "Nikupokee mimi?"

"Usithubutu," mama alinong'ona. "Mimi nitainuka, wewe utabaki. Una watoto."

Neno lilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Binti akalimeza.

Wanaume wanne walimwinua mama na kumshusha ngazi hadi zahanati. Daktari alimchoma sindano. Mama akalala. Vidole havikulala. Vilichambua shuka. Kulia. Kushoto.

Saa kumi binti alimpigia simu jirani yao, mwenye mashine ya kusaga, ambaye walimwachia ufunguo wa nyumba. Alitaka kumwambia kwamba leo hawatarudi.

"Kwani wewe umebaki peke yako huko?" jirani aliuliza. "Mama yako si ameshafika."

"Nani?"

"Mama yako. Kapita hapa kajifunika mtandio gubigubi. Nimemsalimu, kimya. Kanyoosha kiganja tu, nikampa ufunguo. Na vidole vilivyomchubuka, maskini. Mmemfanyisha nini huko?"

Binti alitazama kitandani. Mama alikuwa pale.

"Usimfungulie mtu," alisema.

"Shoga, keshaingia. Kajifungia."

Walirudi kesho yake kwa gari la kukodi, mama kaegemezwa dirishani, vidole vikichambua pindo la gauni. Mlango wa nyumba ulikuwa umerudishiwa tu, ufunguo ukining'inia kwenye kitasa. Hakuna kilichoibwa. Chumbani kwa mama, mtu alikuwa amelala kitandani kisha akakitandika, pembe za shuka zimekunjwa kwa namna ambayo hakuna mtu wa nyumba ile aliyewahi kukunja.

Binti alisimama kizingitini, mama kamwegemea begani. Alijua kwamba neno moja lingemfungua mama yake. Alijua pia lingemfunga nani. Hakulisema siku ile. Mpaka leo hajalisema, na mpaka leo vidole havijatulia.

"Mwache apumzike," mama alinong'ona. "Amekaa mno kwenye lile benchi."

Chini ya kitanda palikuwa na beseni la kuoshea miguu. Maji yake yalikuwa yamegeuka rangi ya udongo, maganda ya buni yakielea juu. Binti alichovya kidole.

Yalikuwa bado na uvuguvugu.