Kitabu Kisichoruka Ukurasa

Msusi aliwajua majirani zake kwa vichwa. Ukija kimya ukaketi kwenye kigoda chake, aligusa nywele zako kidogo tu, kisha akasema, "Ah, kumbe ni wewe! Si uliniahidi utapaka mafuta? Mbona nywele zinalia?" Hapo huna la kujitetea.

Presha ya macho ilimnyang'anya uwezo wa kuona akiwa mtu mzima, lakini vidole havikwenda likizo. Aligawa nywele kwa mistari iliyonyooka kuliko barabara ya mtaa wao. Wateja walijaa sebuleni kwake, wengine kwenye ngazi, wakisubiri zamu na kupiga soga.

Sasa alitaka saluni yake mwenyewe. Chumba kilikuwepo, pembeni ya karakana ya mumewe. Kilichokosekana ni cheti. Bila cheti, ruhusa ya kufungua saluni haitoki. Na cheti kina mtihani, na mtihani una kitabu, na kitabu kina sura nzima kuhusu dawa za nywele. Kusuka hakukumtia hofu. Kitabu ndicho kilichomnyima raha.

Mumewe alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Watu walimwita Cheche. Kila jioni alinawa mikono, akampakata mtoto wao anayetambaa, akafungua kitabu na kumsomea mkewe. Wanawake wa mtaa walimtaja kama mfano kwa waume zao, mpaka wale waume wakaanza kumnunia.

"Leo tuko wapi, mume wangu?"

"Dawa ya kulainisha." Cheche alikohoa. "Inasema... paka dawa. Subiri. Mteja akisikia inawasha, ujue imekolea. Osha."

"Basi? Sura nzima ni hiyo?"

"Hawa waandishi wanarudiarudia, mama. Nimekukamulia juisi, makapi nimeyaacha."

Msusi akacheka, akaikariri juisi yake.

Jumamosi moja alikuja Bibi Posta, mama mstaafu aliyefanya kazi posta miaka mingi. Msusi alimsuka huku akijikumbusha masomo kwa sauti. "Dawa ya kulainisha. Paka, subiri mpaka iwashe..."

"Simama hapo hapo!" Bibi Posta alikishika kichwa chake kwa mikono miwili. "Mimi hunipaki hiyo!"

"Sikupaki, bibi. Najisomea tu. Ndivyo kitabu kinavyosema."

"Kitabu gani hicho, kimeandikwa na adui wa nywele? Hebu kilete. Kiweke mezani, mikono yangu unaijua."

Mikono ya Bibi Posta ilitetemeka siku zote. Hakuweza kushika kitabu kikatulia. Msusi alikilaza mezani, Bibi Posta akafunua kurasa polepole, akasoma: "'Usisubiri dawa iwashe. Ikiwasha, ngozi imeanza kuumia. Osha mara moja. Fuata muda ulioandikwa kwenye kopo. Kabla ya yote, jaribu dawa kidogo nyuma ya sikio la mteja.' Mwanangu, nani alikusomea?"

Msusi aligeukia karakana. Alikuwa anawaza vichwa vya watu.

"Cheche!"

Nyundo ilinyamaza kule karakana. Ilikuwa ile sauti ambayo mume yeyote anaijua. Cheche akaja mbio. Mkewe akamkabidhi kitabu.

"Nisomee hapo palipofunuliwa."

Cheche akakohoa.

"Usikohoe. Soma."

Mtoto alitambaa akamshika baba yake mguu.

"Siwezi," Cheche akasema. "Herufi hazitulii. Nikikamata ya mbele, ya nyuma imeshahama. Ni tangu shuleni. Mwalimu aliniita mvivu, nikaona heri niitwe mvivu kuliko mjinga. Naambulia neno hapa, neno pale. Mengine najazia."

"Unajazia! Cheche, ningefeli mtihani, sawa. Lakini kichwa cha mtu? Ningembabua mtu ngozi!"

"Ulikuwa unafurahi nikifungua kitabu. Nikashindwa kukuambia."

Msusi alifungua mdomo agombe, lakini akawahiwa. Bibi Posta alikuwa bado kwenye kigoda, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama kama imepigwa shoti. Ndiye aliyesema.

"Nyinyi wawili dawa yenu ni moja. Nendeni maktaba."

"Maktaba?" Cheche alishangaa. "Mmoja haoni, mwingine herufi zinamkimbia! Bibi, hiyo ni kama kumpeleka mwenye kipara kwa msusi."

"Na mimi je? Mikono hii inashika kitabu? Lakini nasoma riwaya kila wiki. Maktaba ya umma ina chumba kizima kwa ajili ya watu kama sisi. Wananiazima vitabu vya kusikiliza na chombo cha kusikilizia."

"Wanatoza shilingi ngapi?" Msusi aliuliza.

"Bure. Inalipwa na kodi. Kila ukinunua kopo la mafuta, unachangia."

"Sasa bibi, mbona hukuniambia siku zote?"

"Nilijua unasomewa! Si mtaa mzima unakusifia mume?"

Cheche aliangalia viatu vyake.

"Haya," Bibi Posta akasema, "kwanza nimalizie kichwa. Siwezi kutoka hivi."

Jumatatu wakaenda. Mlangoni mwa kile chumba sauti ya mwanamume ilisema, "Karibuni. Mimi ni mkutubi, niko upande wako wa kushoto, dada. Nikupe kiwiko changu ushike, au utafuata sauti?"

Msusi alisimama kidogo. Kwa kawaida watu walimkokota mkono, au walimuuliza mumewe, "Anataka nini?" Huyu alimuuliza yeye.

"Nipe kiwiko," alisema, na uso wake ukalainika.

Mkutubi alimpitisha. Msusi aligusa vitabu vinene vya nukta nundu, vile vya kusomwa kwa vidole. Alisikia kompyuta ikimsomea kijana mmoja gazeti la leo. Kisha mkutubi akatafuta kitabu cha ususi.

"Cha kusikiliza hatuna," alisema.

Msusi alivunjika moyo. "Mtihani ni mwezi ujao."

"Nimesema hatuna. Sijasema hatutakuwa nacho. Tuna chumba cha kurekodia na wasomaji wanaojitolea. Tutarekodi na kukupa sura moja moja. Tuanze na ipi?"

"Dawa!" Msusi na Cheche walisema kwa pamoja.

"Na ile michoro?" Msusi aliuliza.

"Msomaji ataieleza. Msomaji wetu haruki, hafupishi, wala haongezi lake."

Cheche akarudi tena kuangalia viatu vyake.

"Na wenye mtihani umewaambia kwamba huoni?"

"Si wataona wenyewe siku hiyo?"

Mkutubi alicheka. "Waambie leo. Wewe nukta nundu bado hujajifunza, basi omba mtu wa kukusomea maswali na kuandika majibu yako. Omba na muda wa ziada. Wakijua mapema, watajipanga. Na nukta nundu tunafundisha hapa hapa, ukiwa tayari." Kisha akageuka. "Na wewe, fundi?"

"Mimi nimemsindikiza tu."

Msusi alimkanyaga mguu. Hakukosea hata kidogo.

"Herufi zinanikimbia," Cheche alisema haraka.

Mkutubi hakushangaa. "Mko wengi. Si uvivu wala si ujinga, ndivyo wengine walivyoumbwa. Huduma hii ni ya yeyote ambaye maandishi ya kawaida yanamshinda. Asiyeona, asiyeweza kushika kitabu, na wewe. Utaleta uthibitisho wa mtaalamu, nitakuelekeza pa kwenda."

Cheche alitupa macho kwenye rafu za vitabu. "Vya vyuma mnavyo?"

Sura ya dawa ilikuja kwanza, halafu nyingine. Chombo chenyewe kilikuwa kidogo, na vitufe vikubwa vya kupapasa. Msusi aliweza kurudisha nyuma, kuruka sura, hata kuharakisha sauti. Alisikiliza huku anasuka. Wateja nao walisikiliza, mpaka wakaanza kubishana kuhusu dawa kama wanaokwenda mtihanini ni wao.

Siku ya mtihani msomaji wa maswali alikuwepo, na mwandishi pia. Swali la tatu lilisomwa: "Mteja akilalamika kwamba dawa inawasha, utafanya nini?"

"Andika," Msusi alisema. "Naosha hapo hapo. Sisubiri hata sekunde." Akavuta pumzi. "Andika pia: nilitakiwa kuwa nimeshajaribu nyuma ya sikio."

Alifaulu, na saluni ikafunguliwa pembeni ya karakana. Mezani kuna saa inayotaja wakati kwa sauti, ya kupimia muda wa dawa. Wanafunzi wake wawili wanajua kwamba mwalimu haoni, lakini mteja ambaye hajajaribiwa dawa nyuma ya sikio anamgundua.

Mchana mmoja mteja wa geti alifika karakana. Alimkuta Cheche amekaa kivulini, amevaa visikilizio.

"Fundi, geti langu vipi? Au unasikiliza mpira? Nani anaongoza?"

Cheche aliinua kidole kumwashiria asubiri.

"Wewe! Nakuuliza geti!"

Dirisha la saluni likafunguka. Msusi akatoa kichwa, mikono imejaa povu.

"Hebu msubiri kidogo, kaka," alisema. "Mume wangu anasoma."