Upawa wa Kijiji

Mwezi wa tatu, milima ya Mkumbi ilinuka udongo mbichi. Wanaume walilaza majani yaliyofyekwa. Wanawake waliyafukia kwa jembe, mpaka mlima ukajaa mashimo ya ngoro, kila shimo likizungukwa na matuta. Kwenye matuta walipanda maharage. Kwa Wamatengo, ugali bila maharage ni chakula nusu.

Kunigunda hakuzaliwa huku. Kwao ni Mbamba Bay, kando ya ziwa, ambako kitoweo ni samaki. Bernadi alimwoa, akampandisha milimani. Alizoea baridi, akazoea na maharage. Karanga tu hakuzigusa, maana tangu utotoni zilimvimbisha midomo.

Siku moja wanakijiji walipalilia shamba la ujamaa. Mchana walikula pamoja. Chungu kimoja kilikuwa na mboga za majani zilizoungwa kwa karanga. Cha pili kilikuwa na maharage. Kunigunda aliomba maharage tu. Kabla hajamaliza kula, midomo ikavimba, ngozi ikamwasha, kifua kikabana. Walimkimbiza zahanati kwa machela. Nesi Mwanahawa alimdunga sindano, akapata nafuu.

Tangu hapo mama mkwe wake, Mama Walburga, alitoa amri.

"Karanga imeita ndugu zake," alisema. "Maharage, kunde, njegere, zote zinakaa kwenye maganda. Ukoo mmoja! Huli tena."

"Sasa nile nini, mama?"

"Ugali upo. Majani ya maboga yapo."

"Na samaki?"

"Samaki wako ziwani, mwanangu. Wakijifunza kupanda mlima, nitakukaangia."

Bernadi alicheka. Kunigunda hakucheka. Alikuwa akinyonyesha. Wiki zilipita, nguo zikamlegea. Mtoto wao Emilian alinyonya kidogo, akaachia titi, akalia.

"Nirudishe kwetu," Kunigunda alimwambia mumewe. "Huku maziwa yananikaukia."

Bernadi alimtazama mtoto. "Kwanza twende kwa nesi. Akishindwa, nitakushusha ziwani mwenyewe."

Walikwenda wote, Mama Walburga akiwa na mjukuu mgongoni.

"Shikamoo, mama," nesi alisalimu. Alikuwa mtu wa Pangani, mwepesi wa maneno.

"Marahaba. Tumekuletea mgonjwa wa maharage."

Nesi alimpima mtoto uzito, akakunja uso. "Hajaongezeka. Nani kasema ugonjwa ni wa maharage?"

"Mimi. Karanga na maharage si ukoo mmoja?"

"Ni ukoo mmoja, hujakosea. Lakini mama, una dada?"

"Ninaye."

"Akiiba kuku, unafungwa wewe?"

"Nifungwe kwa ajili ya yule? Thubutu!"

"Basi ndivyo ilivyo. Wengi wanaodhuriwa na karanga hula maharage bila shida. Wapo wachache ambao njegere, au mbaazi, au maharage huwadhuru pia. Huwezi kujua kwa kutazama ganda. Kunigunda, kabla ya siku ile ulikuwa unakula maharage?"

"Kila siku, tangu niolewe."

"Uliumwa?"

"Hata kujikuna sikujikuna."

Nesi akafikiri. "Siku ile nani aligawa chakula?"

"Mimi," Mama Walburga alijibu kwa fahari. "Nani mwingine?"

"Kwa upawa gani?"

"Upawa wa kijiji! Tunao mmoja mkubwa. Nachota mboga, nachota mahara..." Alimgeukia mkwe wake. "Kumbe ilikuwa karanga ile ile?"

"Nadhani hivyo," nesi alisema. "Karanga kidogo iliyoshika kwenye upawa inatosha kumdhuru."

"Basi jioni hii nampikia maharage!"

"Hapana, mama. Nyumbani msijaribu. Huenda mwili umebadilika. Tutajaribu hapa, dawa ikiwa karibu."

Kesho yake nesi alileta maharage aliyoyachemsha katika sufuria safi. Kunigunda alikula punje moja. Wakangoja. Alikula punje chache. Wakangoja tena. Kisha kijiko. Mama Walburga alishika rozari, macho yasiondoke kwenye midomo ya mkwe wake.

"Unawashwa?"

"Hapana, mama."

"Kifua?"

"Ninachosikia ni njaa, mama."

Bakuli likaisha. Nesi aliendelea kumwangalia kwa muda mrefu. Ngozi ilikuwa shwari.

"Maharage kula," nesi alisema. "Karanga usiguse. Kinu, chungu na upawa vya karanga visiguse chakula chako. Chakula usichokijua, uliza kwanza. Ukivimba au kifua kikibana, njooni mbio, msisubiri."

Maharage yalipokomaa, kijiji kilitoka kuvuna. Vyungu viliwekwa viwili kama kawaida. Lakini Mama Walburga alikuja na upawa mpya aliouchonga Bernadi. Mpini wake ulifungwa kitambaa chekundu. Mama Walburga alisimama kando ya chungu cha maharage kama askari.

Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Mansuetus, alichota mboga ya karanga. Kisha akapeleka upawa ule ule kwenye maharage.

"Ndugu Mwenyekiti! Rudisha mkono!"

Mzee alishtuka. "Kwani kijijini vyote si vyetu sote?"

"Vyote ni vyetu. Ila chungu hiki kinachotwa kwa upawa huu tu. Nikikuona tena, utakula ugali mkavu."

Watu wakacheka. Emilian, mashavu yamejaa, alikuwa amelala mgongoni kwa mama yake. Habari za kurudi ziwani hazikutajwa tena. Kunigunda alisogeza bakuli lake.

"Niongeze, mama."

Mama Walburga akaongeza mpaka mchuzi ukamwagika.