Mwisho Nilioukataa

Jua lilikuwa linazama nilipoingia studio kumalizia kazi ya nusu saa. Kutia sauti tu, basi. Ule mchezo wa kompyuta uliogombanisha watu, ambamo mchezaji anapendwa mtandaoni, anachunwa pesa mpaka anakauka, kisha anachagua amfanye nini mwanamke aliyemtapeli... mwanamke huyo nilimwigiza mimi. Wanaume waliusifu hata kabla haujatoka. Dada zangu wakaacha kunisalimia. Nikawaambia kazi mbaya si mchezo mwema.

Lakini kati ya miisho ya mchezo ule, mmoja niliukataa, ule wa kuzamishwa kwenye beseni la kuogea. Nilimwambia bosi bila kupepesa macho: mimi sizamishwi na mtu, hata kwa kuigiza.

"Tulipata mwingine," fundi wa sauti alininong'oneza jioni ile, akinivalisha hedifoni. "Alikuja mwenyewe, saa kama hizi. Nywele zimelowa. Hakutaka malipo. Nilidhani ni wewe."

"Ni nani?"

"Hatumjui. Hakusema hata neno. Ndiyo maana tunataka sauti yako."

Bosi aliketi nyuma ya kioo. Karatasi yangu ilikuwa na mstari mmoja: *Nisamehe, ni kweli nilikutapeli.* Taa zikazimwa, picha ikawaka.

Beseni. Mkono wa mwanamume. Uso kama wangu chini ya maji, lakini haukuwa wangu.

Ikaja harufu... ya sabuni na maji yaliyolala.

Sisi watia sauti hatusomi karatasi tu, tunafuata midomo. Nikaifuata yake. Haikuwa inaomba msamaha. Koo likanipoa kama nimemeza barafu, na sauti yangu ikatoka yenyewe:

"Sikuchukua chako. Nilikataa kuolewa nawe."

Tone la maji likanidondokea shingoni. Nikatazama juu. Dari ilikuwa kavu.

"Soma kilichoandikwa," bosi alisema, polepole.

"Bosi, huyu mwanamke ni nani?"

"Mwizi. Soma."

"Mbona fundi anasema hamumjui?"

Fundi aliinamisha kichwa.

Niliogopa, nisiwadanganye. Ningesoma, ningeenda zangu nyumbani salama, na yeye angebaki mwizi milele, katika kila nyumba, kila mtu anapouchagua mwisho ule. Hasira ikanipanda kuliko woga. Nikaichana karatasi vipande viwili.

"Rudisha picha," nikamwambia fundi.

Akairudisha, bila kumtazama bosi.

Mara ya kwanza alisema yeye, kwa sauti yangu. Mara ya pili nilisema mimi, kwa kupenda kwangu, nimemkazia bosi macho:

"Sikuchukua chako. Nilikataa kuolewa nawe."

Nilifukuzwa kama mbwa. Wakaletwa wasichana wanne baada yangu, kila mmoja na karatasi yake mkononi. Fundi ananiambia wote wanne walisema maneno yale yale.

Juzi bosi alijifungia studio aufute ule mwisho kwa mkono wake. Walipovunja mlango walimkuta kitini, mzima, nguo zimelowa chepechepe, anarudia sentensi ile bila kupumzika. Kwa sauti ya kike.

Fundi alinipigia simu nimsikie.

Haikuwa sauti yangu.

Sikukata. Nilikaa kitako nikamsikiliza mwanamke yule mpaka aliponyamaza.