Mikono Magotini, Bibi!

Hebu fumba macho kidogo. Usichungulie.

Sasa ona jagi. Ni jagi kubwa la bluu, limejaa maji. Kando yake kuna ndimu sita za kijani. Nyuma ya jagi kuna msichana, lakini jagi ni kubwa na yeye ni mdogo. Unaona nywele zake tu, zimefungwa mafungu manne.

Haya, fumbua macho. Huyo ndiye Chiku.

Chiku anaishi na bibi yake. Bibi anampenda sana Chiku. Na mikono ya Bibi ina haraka sana.

Chiku akishika kitana, Bibi anasema, "Lete, mama, bibi akuchane."

Chiku akishika chungwa, Bibi anasema, "Lete, mama, bibi akumenyee."

Chiku akishika kifungo cha gauni lake, Bibi anasema, "Lete, mama, bibi akufungie."

Chap! Chap! Chap! Kila kitu kimekwisha. Chiku hajafanya hata kimoja.

Kisha Bibi humwambia jirani, "Huyu wangu bado hawezi."

Chiku husikia. Hutazama mikono yake tu.

Kila asubuhi Chiku huenda Shule ya Kisima Kipya. Ni shule ya watoto wanaojifunza kwa njia zao. Sefu hujifunza akiimba. Mwenzao mmoja hujifunza akitembea huku na huku. Chiku hujifunza kwa picha. Maneno humkimbia, lakini picha hukaa.

Shule hii ina sheria moja. Mwalimu Saumu huisema kila siku.

Mtoto akifanya jambo lake, wengine huweka mikono magotini. Hawamnyang'anyi. Hawamsemei. Mtoto mwenyewe akitaka msaada, atainua mkono. Asipoinua, basi.

Mikono magotini.
Tunangoja.

Sefu hufunga kamba za viatu vyake. Inachukua muda mrefu. Ndege anakuja, anaondoka, anarudi tena.

Mikono magotini.
Tunangoja.

"Nimefunga!" anasema Sefu. Na kweli, amefunga. Amefunga viatu viwili pamoja. Hapo ndipo anapoinua mkono.

Jumatatu moja, Mwalimu Saumu alikuja na habari.

"Jumamosi wageni wanakuja kututembelea," alisema. "Baba zenu, mama zenu, bibi zenu. Tutawapa juisi ya ndimu. Nani atatengeneza?"

Chiku akainua mkono. Aliuinua polepole, lakini ukafika juu.

"Mimi," alisema Chiku. "Bibi atakunywa. Nitatengeneza mimi."

Mwalimu Saumu akachora picha sita. Akafunga kamba barazani, kutoka kwenye nguzo mpaka dirishani. Akazibana picha kwenye kamba kwa vibanio vya nguo.

Picha ya kwanza, maji. Picha ya pili, ndimu. Picha ya tatu, sukari na kijiko chake. Picha ya nne, mwiko. Picha ya tano, mdomo unaoonja. Picha ya sita, glasi.

Sefu akaziimba hapo hapo.

"Maji, ndimu, sukari!
Koroga, onja, mimina!"

Jumanne Chiku alijaribu. Maji yakamwagika yote. Mwaaa! Miguu ya Mwalimu Saumu ikalowa.

Jumatano maji hayakumwagika. Lakini kokwa za ndimu ziliingia kwenye jagi. Sefu akazitema moja moja. Ptu! Ptu! Ptu!

Alhamisi Chiku alitumia chujio. Kokwa hazikuingia. Ila alikoroga kwa nguvu mno, na mwiko ukaruka mpaka uani.

Ijumaa mwiko haukuruka. Chiku akatazama picha, akafanya. Akatazama picha, akafanya. Mwalimu Saumu akanywa glasi nzima.

"Kesho, Chiku," alisema Mwalimu Saumu. "Kesho kama leo."

Jumamosi ikafika. Chiku aliamka kabla ya jogoo.

Sasa nikuambie jambo. Shule ya Kisima Kipya ina mbuzi. Anaitwa Kidevu. Kidevu chake ni kirefu, na kina ndevu tatu. Anapenda majani. Anapenda maganda ya ndizi. Lakini kuliko vyote, anapenda karatasi.

Asubuhi hiyo wageni walikuwa getini, wanasalimiana.

"Shikamoo, Bibi!"

"Marahaba, mwanangu."

Barazani hapakuwa na mtu. Ile kamba ya picha ilikuwa imelegea katikati. Kidevu akaja polepole. Kopo, kopo, kopo. Akanyoosha shingo.

Nyam!

Akala picha ya tatu. Akatafuna. Akaenda zake, akasimama nyuma ya nguzo.

Hakuna aliyemwona. Wewe tu umemwona. Sasa shh! Usimwambie Chiku. Wewe pia uko shuleni leo.

Mikono magotini.
Tunangoja.

Wageni wakaketi kwenye viti. Bibi akaketi mbele kabisa. Alivaa khanga mpya. Baba yake Sefu akaketi nyuma, na kofia yake.

"Leo juisi anatengeneza Chiku," alisema Mwalimu Saumu.

Bibi akashtuka. "Chiku? Chiku wangu?" Akasimama. "Lete, mama, bibi a..."

"Bibi!" alisema Sefu. "Mikono magotini!"

Bibi akamtazama Sefu. Akamtazama Mwalimu Saumu. Mwalimu Saumu alikuwa ameketi, mikono magotini. Watoto wote walikuwa wameketi, mikono magotini.

"Makubwa haya," alisema Bibi. Akaketi. Akaweka mikono magotini. Vidole vyake vilikuwa vinacheza.

Chiku akatazama picha ya kwanza. Maji. Akaweka maji kwenye jagi. Gudu, gudu, gudu. Hata tone halikumwagika.

Akatazama picha ya pili. Ndimu. Mwalimu Saumu alikuwa amekwisha kuzikata. Chiku akakamua. Chwii, chwii, chwii. Juisi ikapita kwenye chujio. Kokwa zikabaki.

Akatazama picha iliyofuata. Ilikuwa mwiko.

Mwiko?

Sawa. Chiku akachukua mwiko. Akakoroga. Ngolo, ngolo, ngolo.

Bibi akafungua mdomo. Akaona bakuli la sukari, limekaa peke yake mezani. Akaona Chiku halitazami. Mkono wa Bibi ukatoka gotini. Ukaenda mbele, mbele, mbele...

"Bibi," alinong'ona Sefu.

Mkono ukarudi.

Chiku akatazama picha ya mdomo. Akachota kidogo kwa kijiko. Akaonja.

Uuuuwi!

Macho yakajifumba. Mdomo ukajikunja. Masikio pia kama yalijikunja.

"Kali!" alisema Chiku.

Mtu mmoja akacheka. Kisha hakuna aliyecheka, kwa sababu Chiku hakucheka. Alikuwa anatazama jagi. Halafu picha. Halafu jagi tena.

Jana ilikuwa tamu. Leo ni kali. Kwa nini?

Bibi yuko pale mbele. Anaona. Akirudi nyumbani atamwambia jirani, "Huyu wangu bado hawezi."

Midomo ya Chiku ikaanza kutetemeka.

"Jamani!" alisema baba yake Sefu kutoka nyuma. "Msaidieni mtoto!"

"Tunamsaidia, baba," alisema Mwalimu Saumu. "Tunangoja."

Chiku akasikia. Mkono wake ukapanda kidogo, kama unataka kuomba msaada. Ukafika kifuani. Mwalimu Saumu akajiandaa kusimama.

Mkono ukashuka. Bado. Chiku hajamaliza kutafuta.

Mikono magotini.
Tunangoja.

Hakuna aliyekohoa. Hakuna aliyesogeza kiti. Ndege akaja, akaondoka, akarudi tena.

Chiku akasogea karibu na kamba. Akagusa picha ya maji. Akagusa picha ya ndimu. Kisha kidole chake kikagusa kibanio.

Kibanio kipo. Picha haipo!

Chiku akafumba macho. Mkono wake ukaanza kwenda wenyewe hewani, kama jana. Ukachota. Ukamwaga. Ukachota. Ukamwaga.

"Sukari!" alisema Chiku.

"Sukari!" walisema watoto wote. Hawakuweza kujizuia tena.

"Meee!" alisema mtu mwingine nyuma ya nguzo.

Ni Kidevu! Kwenye midomo yake kulikuwa na kipande kidogo cha karatasi. Kwenye karatasi kulikuwa na kijiko, nusu.

"Kidevu!" alisema Chiku. "Umekula sukari yangu!"

Wageni wakacheka. Baba yake Sefu alicheka mpaka kofia ikaanguka. Na sasa Chiku pia alicheka.

Kisha akarudi kwenye jagi. Vijiko vya sukari. Kimoja. Viwili. Vitatu. Vinne. Vitano. Akakoroga. Ngolo, ngolo, ngolo. Akaonja.

Mmmmm.

Akamimina. Glasi ya kwanza akaishika kwa mikono miwili. Akatembea hatua ndogo ndogo mpaka mbele.

"Karibu, Bibi," alisema Chiku.

Bibi akanywa. Gudu, gudu, gudu, mpaka chini kabisa. Akaitazama glasi. Akamtazama Chiku.

"Nani ametengeneza hii?" aliuliza Bibi.

"Mimi."

"Peke yako?"

"Peke yangu. Kidevu alinivurugia tu."

Bibi akacheka, na machozi yakamtoka hapo hapo. Akayafuta kwa pembe ya khanga.

"Niongeze, mjukuu wangu," alisema.

Wageni wote wakanywa. Baba yake Sefu akanywa glasi tatu, na akasema ya nne ni kwa ajili ya njiani.

Kabla ya kuondoka, Chiku aliomba karatasi na kalamu. Akachora picha mpya ya sukari. Bakuli lilitoka kama chungu. Kijiko kilitoka kama ufagio. Lakini Chiku anajua kuwa ni sukari, na Sefu anajua kuwa ni sukari. Mwalimu Saumu akaibana kwenye kamba. Safari hii aliivuta kamba juu sana.

"Meee," alisema Kidevu.

"Hupati," alisema Chiku.

Njiani kurudi nyumbani, Bibi hakunyamaza hata kidogo. Alimwambia muuza mkaa. Aliwaambia wanawake waliokuwa bombani. Aliwaambia hata kuku wa jirani.

Na jirani mwenyewe alipotoka mlangoni, Bibi alisimama wima kama askari.

"Unamwona huyu?" alisema Bibi. "Leo ametengeneza juisi ya shule nzima. Mbuzi alikula sukari, yeye akaikumbuka. Huyu wangu anaweza."

"Sukari ililiwa na mbuzi?" aliuliza jirani.

"Ingia ndani, nikueleze vizuri," alisema Bibi.

Jioni Chiku alioga. Akavaa gauni lake la kulalia, lile la maua. Lina vifungo vitatu. Chiku akashika kifungo cha kwanza.

"Lete, mama, bibi a..." alianza Bibi.

Akakumbuka.

Bibi akaketi kitandani. Akaweka mikono magotini. Leo vidole vyake havikucheza.

Kifungo cha kwanza kikaingia. Cha pili kikaingia, lakini kwenye tundu la cha tatu. Shingo ya gauni ikaenda upande. Chiku akakifungua. Akaanza tena.

"Bibi," alisema Chiku, "unachoka kungoja?"

"Sichoki," alisema Bibi. "Nakutazama. Zamani nilikuwa sikutazami, nilikuwa natazama vifungo."

Kimoja. Viwili. Vitatu. Gauni likakaa sawa.

Chiku akapanda kitandani. Bibi akamfunika shuka. Hilo Chiku alimwachia, kwa sababu kufunikwa na Bibi ni kutamu.

"Kesho," alisema Chiku, macho yanajifumba, "nitamenya chungwa."

"Nitangoja," alisema Bibi.

Na wewe, lala sasa. Lakini kabla hujalala, nakuomba ukumbuke jambo moja tu. Siku ukimwona mwenzako anafanya jambo lake polepole, na mikono yako inataka kumnyang'anya, mikono hiyo utaiweka wapi?

Ndiyo. Hapo hapo.