Mgeni wa Bwawa la Dada

Kwanza lilikuwa tone tu la maji. Boksi jipya la breka ya umeme, lililofungwa juu kwenye ukuta mkavu nyuma ya jiko, mita nne nzima kutoka bwawani, lilikuwa linadondosha tone moja moja kutoka ndani. Fundi Radi akalikinga tone kwa kidole, akaonja. Chumvi ya kukunja uso.

"Ni unyevu, Dada," alisema. "Ukuta mpya huu, unatoka jasho kama bwana harusi."

"Ukuta una miaka ishirini," alisema dada yake, akiegemea fimbo.

Radi ndilo jina ambalo mtaa mzima ulimwita, na yeye alilipenda kuliko lile alilopewa na mama yake. Fundi umeme yule alikuwa na sifa ambazo, kama zingekuwa mzigo, lori la matairi kumi na mawili lingekata springi. Akipiga chafya, alisema, transfoma zinamwambia afya. Alisema aliwahi kushika waya wenye moto kwa meno huku anafunga kamba za viatu, na waya ndio uliozimia. Watu walimcheka, lakini walimwita, kwa sababu kazi aliijua.

Dada yake alikuwa amemlea tangu ana miaka sita. Sasa alikuwa amevunjika nyonga, na daktari alimwambia atembee ndani ya maji kila asubuhi mpaka mfupa ukumbuke kazi yake. Dawa ya kumwaga bwawani ilimchubua ngozi, hivyo bwawa lake lilikuwa la chumvi, lenye mashine inayoigeuza chumvi kuwa dawa hafifu isiyochubua. Ila chumvi na chuma haviivi chungu kimoja. Pampu, mashine ya chumvi na boksi la breka vilikuwa vimekaa miaka ndani ya shimo lenye mfuniko pembeni ya maji, na boliti zilikuwa zimeliwa mpaka zikafanana na biskuti zilizoota ukungu. Radi akaitwa avihamishe vyote.

Na alivihamisha, tusimnyime haki yake. Alizima swichi kubwa, akaipiga kufuli, funguo akaweka mfukoni. Alipandisha kila kitu juu, pakavu, chini ya paa. Alivuta waya mpya ndani ya bomba, akafunga waya wa ardhini mpaka kwenye ngazi ya chuma ya bwawa. Mkaguzi yeyote angempigia saluti.

Ukabaki waya mmoja, wa ile taa iliyo ndani ya maji, upande wa kina kirefu. Huo ulipita chini ya vigae. Ulitaka kuvunja vigae, kuung'oa, kulaza mwingine. Radi alikuwa amechoka, na alishaapa mbele ya dada yake kwamba chai ya saa kumi haitapoa kabla hajamaliza. Akauunga waya wa zamani kwa tepu, akaufukia.

Alipowasha, breka ikakata. Akapandisha, ikakata. Mara saba. Ndiyo kazi ya breka ile: umeme ukivuja hata kidogo, inaangusha kila kitu kabla mtu hajaanguka. Ilikuwa inamwambia ukweli, na yeye hakutaka kuambiwa.

"Mbona inakata kata?" dada akauliza kutoka mlangoni.

Mdomo wa Radi ulikuwa na mbio kuliko akili. "Dada, hapa kuna jini. Alikuwa anakaa kwenye lile shimo, nimemhamisha bila kumuaga. Lakini usiwe na wasiwasi, majini nawajua, namfunga sasa hivi."

Dada akacheka, akarudi ndani kwa fimbo yake. Radi akachukua waya wa taa, akairuka breka, akaupeleka moja kwa moja kwenye swichi kubwa. Taa ikawaka, maji yakawa ya buluu. Hakuna kilichokata.

"Nimeshamfunga, Dada," akasema kwa sauti ya mtu anayestahili sahani mbili. Akajiambia uvujaji ni mdogo, uko kulekule kwenye kina, na Dada hatembei huko.

Wiki moja baadaye ndipo lilipoanza tone. Kisha ikaja harufu ya chumvi iliyoungua, kama sufuria iliyosahauliwa motoni, na ilimfuata Radi mpaka kitandani kwake. Siku moja aliweka sikio kwenye bomba la pampu, na pampu ilikuwa imezimwa, na ndani ya bomba mtu akasema taratibu, kwa sauti yake Radi mwenyewe: "Nimeshamfunga, Dada."

Mtu aliyeshika waya kwa meno alikimbia mpaka getini, bisibisi mkononi.

"Yule mgeni wako ana adabu," dada alimwambia kesho yake. "Ananisalimia nikiingia majini."

"Mgeni gani?"

"Uliyemfunga. Ananifundisha kutembea. Kila siku ananiongezea hatua moja."

"Upande gani, Dada?"

"Kwenye taa," alisema, akaendelea kuchana nywele.

Hapo ndipo Radi alitakiwa kusema. Alimtazama yule mwanamke aliyekuwa akimkatia daftari zake za shule kutoka kwenye karatasi za kufungia nyama, akasema, "Pumzika kidogo, Dada, maji ya baridi si mazuri." Kisha akaenda mwenyewe kwenye boksi kuurudisha waya wa taa kwenye breka kimyakimya. Skrubu zote zilikuwa zimeganda kwa chumvi, nyeupe, ngumu kama meno. Bisibisi tatu zikavunjika. Akaenda nyumbani.

Asubuhi iliyofuata, saa nne, jua limejaa uani na nguo zinakauka kwenye kamba kama hakuna baya duniani, alimkuta dada yake majini mpaka kifuani, bila fimbo, macho kwenye taa, na mbele yake maji yalikuwa yamebonyea umbo la mtu anayerudi kinyumenyume akimvuta kwa mikono miwili, na Radi akakimbia kwenye swichi kubwa akaishusha na jiko likazima na friji ikanyamaza na redio ya jirani tu ndiyo ikabaki inaimba, lakini taa ile ndani ya maji ikazidi kuwaka, na alipopiga kelele kumwita dada yake, mabomba yote ya ukutani yakasema pamoja naye kwa sauti yake, nimeshamfunga, nimeshamfunga, mpaka hakuna aliyeweza kujua ipi ni ya mtu na ipi si ya mtu, na Dada akainua mguu kwa hatua ya mwisho.

Radi alipiga magoti kwenye vigae. Hakupiga kelele tena.

"Dada, hakukuwa na jini," alisema. "Waya unavuja. Breka ilikuwa inakata kwa sababu yangu. Nikairuka. Nilichoka, nikaona aibu, nikakudanganya."

Taa ikazimika. Maji yakajaa pale yalipobonyea, yakatulia.

Dada akashusha mguu. Akageuka, akatembea polepole mpaka kwenye ngazi, akapanda, akachukua taulo. Radi alitaka kumshika mkono, akaukwepa.

"Najua," alisema. "Aliniambia siku ya kwanza."

"Sasa kwa nini uliendelea kuingia?"

"Nilikuwa nangoja uniambie wewe. Nimekulea mimi. Nilitaka kujua nimelea nini."

"Na kama nisingesema?"

Akajifuta uso kwanza. "Ningekuwa nimejua."

Radi akauliza kama mtoto, "Ameondoka?"

"Hapa amemaliza. Ila ameniuliza swali, nikashindwa kumjibu." Dada alimtazama kwa mara ya kwanza asubuhi ile. "Ameuliza kama breka uliyoruka ni ya kwangu tu."

Radi akazihesabu moyoni breka alizoruka. Kulikuwa na nyumba ya yule mzee anayeishi peke yake. Kulikuwa na nyumba ya pembeni ya hospitali. Na kulikuwa na bwawa la yule mwalimu wa kuogelea, aliyekuwa na watoto kumi na wawili kila Jumamosi.

"Leo ni siku gani?" aliuliza.

"Jumamosi."

Aliinuka, akabeba mfuko wa vifaa. Getini akasimama. Juu ya barabara ya vumbi, kwenye jua kali lile, nyayo zilizoloa zilikuwa zimetangulia mbele yake kuelekea kwa yule mwalimu, kubwa, zenye ukungu mweupe wa chumvi pembeni, na hazikuwa za mtu anayeuliza njia.