Marahaba ya Bibi Eliana

Siku wapiga picha walipofika, Febronia alikuwa uani anapeta mtama, kuku wakimzunguka kama kawaida yao. Ilikuwa Julai. Alizeti zilishavunwa, upepo wa Kinampanda ulikuwa unavuma na vumbi lake, na hakuna aliyekuwa na sababu ya kuogopa chochote. Magari mawili yakasimama nje ya boma. Wakashuka vijana na nyaya, taa, na ndoo tatu za damu iliyochanganywa kwa sharubati na rangi ya keki. Febronia aliitazama ile damu, akauliza kama itatoka ukutani. Wakamhakikishia kwamba itatoka.

Mwalimu Urbano alifika nyuma yao. Akampa Febronia, shangazi yake, mikono miwili, akainama, akamuuliza habari za kuamka. Hakumwamkia. Kijiji kizima kilishamzoea: mtu wa miaka arobaini, mwalimu wa Kiswahili tena, lakini neno shikamoo halikupata kumtoka mdomoni tangu utotoni. Mama yake alimchapa kwa ajili hiyo mpaka akachoka. Wengine walisema ni kiburi, wengine wakasema ni usomi. Siri ya mtungi aijuaye kata.

Filamu waliyokuja kuipiga ilitoka kwenye hadithi fupi aliyoiandika yeye akiwa chuoni, kurasa nane tu, ikachapwa gazetini. Ilihusu mauaji ya Bibi Eliana, mama yake Febronia, aliyekatwa mapanga mlangoni pa tembe la boma lile lile, Urbano akiwa na miaka saba. Wauaji hawakukamatwa. Watu walinong'ona tu kwamba ng'ombe walikuwa wanakufa, na kwamba bibi ana macho mekundu. Mhariri alitaka hadithi itishe zaidi, na Urbano hakumbishia. Akamfanya bibi yake kuwa mchawi kwelikweli, anayepanda fisi, hata msomaji akifika mwisho anaona afadhali amekufa. Ikatengenezwa filamu ya kwanza, ya bei rahisi, ikauzwa stendi. Sasa Gerald, mwongozaji kutoka Dodoma, alikuwa anaitengeneza upya. Alitaka damu nyingi, na alitaka nyumba yenyewe.

Urbano ndiye aliyekwenda kumwomba shangazi yake hiyo nyumba. Febronia hakuwahi kuisoma hadithi wala kuiona ile filamu ya kwanza. Alichojua ni kwamba mtoto wa kaka yake amemwandika mama ili asisahaulike.

"Kama ni kumkumbuka mama, waingie," alisema.

Urbano alishukuru huku anatazama viatu vyake. Mtu mwenye haya angesema kweli siku ile, lakini yeye alishamuua bibi mara ya pili kwa kalamu, na ya tatu alikuwa ameshaisainia.

Saa sita mchana wakaziba mlango na vidirisha vya tembe kwa vitambaa vyeusi, ndani kukawa usiku. Scola, mwigizaji kutoka Singida mjini, alivaa kaniki, akajilaza kwenye ngozi. Kwa mujibu wa hadithi, wauaji wanavunja mlango. Wakauvunja, fundi akaupigilia upya, wakauvunja tena. Baadaye Gerald akawatoa watu wote nje. Festo, fundi wa sauti, alihitaji kurekodi dakika moja ya nyumba tupu. Ndivyo wanavyofanya watu wa kazi yake, kwa sababu kila nyumba ina ukimya wake. Scola akatoka na kikombe chake cha maji. Febronia akaombwa asipete. Hata kuku walinyamaza.

Dakika haikwisha. Festo akavua vile vya masikioni. Akamtazama Scola. Akautazama mlango.

"Nani kabaki ndani?"

Hakuna aliyebaki. Wakang'oa vitambaa, mwanga ukaingia. Ngozi. Mtungi. Vumbi. Basi.

Festo akarudisha nyuma, akawasikilizisha wote kwenye spika. Kwanza upepo. Kisha sauti ya mtoto, karibu kabisa na mlango, yenye kithembe, kama cha mtoto aliyeng'oka meno ya mbele.

"Shikamoo, bibi."

Kimya. Kimya kirefu. Halafu, kutoka ndani, sauti ya kikongwe, nzito ya usingizi, yenye upendo.

"Marahaba, mume wangu."

Baada ya hapo komeo likasogea, mti juu ya mti. Tembe lile halikuwa na komeo. Komeo lake lilichomwa pamoja na ngozi aliyolalia bibi, wiki ile ya msiba.

Gerald alijaribu kucheka, akauliza ni mtoto wa nani. Hapakuwa na mtoto bomani. Urbano alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja, na ulimi wake ulikuwa unayapapasa meno ya mbele, moja moja.

Ilikuwa hivi. Jioni ile ya mauaji, mbuzi wakirudi, baba yake mkubwa, Clement, alimwita kando, akampa kipande cha mua, akamwambia nenda kamwamkie bibi yako. Bibi alikuwa amejifungia siku ya tatu. Hajibu hodi, hamfungulii mtu mzima yeyote, na waliotaka roho yake hawakujua hata kama yumo. Lakini mzee gani wa huku ataiacha shikamoo ya mjukuu ianguke chini? Mtoto akaamkia. Bibi akaitikia, kisha akafungua. Nyuma ya mtoto walikuwa wamesimama wanaume watatu. Urbano alikimbia. Alipofika nyumbani mua ulikuwa bado mkononi, akaumaliza. Hilo ndilo lililomtafuna kuliko yote, miaka yote: kwamba aliumaliza.

Clement alikufa mzee, akazikwa kwa kwaya. Na katika zile kurasa nane hamna mtoto. Mlango unavunjwa.

Febronia alikuwa bado ameshika ungo. Urbano akamwendea, akapiga magoti mbele yake na mbele ya wageni, akamweleza yote, pamoja na fisi, pamoja na mua. Alisimulia kwa mnong'ono wa aibu, na watu wakalazimika kusogea ili wasikie, jambo lililomzidishia aibu. Alipomaliza, akalisema lile neno.

"Shikamoo, shangazi."

Febronia alimwangalia. Midomo yake ilitikisika kidogo, haikufunguka.

Mlango wa tembe ulikuwa wazi. Kila mtu aliona ndani. Hakuna mtu.

"Marahaba, mume wangu."

Safari hii haikutoka kwenye spika. Kikombe cha Scola kikaanguka. Vijana wakaanza kukusanya nyaya bila kuambiwa, na Festo akaifuta ile rekodi mbele ya macho yao. Febronia hakushtuka. Akaweka ungo chini, akamwinamia Urbano sikioni.

"Mama amekuitikia. Mimi bado."

Filamu ilimaliziwa kwingine, katika nyumba ya kuigiza. Urbano aliomba fisi waondolewe, wakaondolewa. Mapanga yakabaki. Novemba ikaoneshwa katika ukumbi mmoja wa Kiomboi, na Febronia alikuja, akakaa viti viwili kutoka kwa Urbano, mikono mapajani.

Ikafika pale. Mlango ukajaa kwenye pazia la sinema. Kabla haujavunjwa, sauti yenye kithembe ikasema, shikamoo, bibi.

Wazee walikuwa wengi ukumbini. Wakaitikia bila kufikiri, kama walivyozoea maisha yao yote, wake kwa waume gizani: marahaba. Hapo hapo mlango ukafunguka na mapanga yakaingia. Wengi walijiziba midomo, wamechelewa. Urbano aligeuka kumtazama shangazi yake. Ni yeye peke yake ambaye hakuwa ameitikia.

Gerald anaapa mpaka leo kwamba hakuna mtoto aliyerekodiwa, na kwamba kwenye nakala yake mlango unavunjwa.

Kesho yake asubuhi Urbano alipita kwa shangazi yake kabla ya kwenda shuleni, kama anavyopita kila siku tangu Julai. Alimkuta anafagia mbele ya tembe. Kwenye kizingiti kulikuwa na makapi ya mua, mabichi, bado yana maji, yametafunwa kwa meno ya pembeni tu. Febronia aliyazoa pamoja na majani mengine. Urbano akaamkia, akasubiri. Shangazi yake akaendelea kufagia.